RAMADHANI, SIKU YA 19: Jirani wa ng'ambo ya Ruvuma



Jana baada ya tarawehe lilizuka suala: zakatul fitri yetu, na wale waliotoka Msumbiji wapewe? Mzee wetu mmoja akasema, "Hawa Wamawia wamezidi, watu wetu wenyewe hawajashiba." Sikumjibu palepale, maana kweli hawajashiba.

Lakini tukumbuke. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, watu walivuka Ruvuma wakaja huku kwetu. Wazee wetu waligawana nao muhogo, wakati maji yenyewe Newala ni ya kushukia bondeni. Humu wamo wajukuu wa watu wale, na hatuwatofautishi tena. Tangu 2017 Cabo Delgado inaungua upya.

Hofu nayo ina msingi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, hapahapa mkoani, kilivamiwa, watu wakauawa. Kukagua wanaoingia ni kazi ya serikali, na ifanyike. Ila yule mama anayepalilia mashamba ya watu kwa kutwa, watoto wanamfuata, huyo si tunamjua? Anaswali nyuma yetu.

Suratul Hashr, aya ya 9, inawasifu Answari kwa kuwatanguliza Muhajirina hali wao wenyewe ni wahitaji. Wahitaji jamani, siyo matajiri! Na fitri ni haki ya Muislamu masikini aliye hapa tulipo. Kitambulisho hakiulizwi.

Kamati inaandika majina leo baada ya alasiri. Mwenye jirani wa ng'ambo aje naye. Na wewe mzee wangu, shikamoo, njoo na majina ya wale wako.