Mwalimu na Jedwali la Maji

Palikuwa na mwalimu mstaafu huko Lunga Lunga aliyeamini kila kilichopigwa chapa. Gazeti alilimaliza hadi matangazo ya vifo vya watu asiowajua, na hakumeza kidonge kabla ya kusoma kile kikaratasi chembamba kinachokunjwa ndani ya pakiti. Si tabia mbaya. Kwetu wasomaji ni haba mno: ukifungua kitabu ndani ya matatu, jirani yako atakuuliza unafanya mtihani gani. Kasoro ya Mwalimu ilikuwa moja tu. Kitu akishakisoma, hakukiuliza tena kwa mtu.

Siku moja alirudi kutoka Mombasa na kitabu cha kuongoza wasafiri wa pwani ya kusini, alichokinunua kwa wauza vitabu vikuukuu. Kilikuwa na ramani, picha za mbega, na mwishoni jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, siku baada ya siku, mwaka mzima. Jedwali hilo lilimlevya. Akatangaza kwamba Jumapili familia itakwenda Diani. Mkewe akapika pilau, wasichana watatu wakasukwa nywele, Probox ikakodiwa.

Ramisi wakampitia mama mkwe. Akapewa kiti cha mbele kama inavyostahili, na Mwalimu akabanwa nyuma kati ya sufuria na wanawe, kitabu kikiwa puani. Gari halijaondoka akasoma kwa sauti: "Wanangu, tazameni kushoto na kulia, mtaona moshi wa kiwanda cha sukari." Watoto wakatazama kushoto. Wakatazama kulia.

"Kilifungwa 1988," akasema bibi yao. "Marehemu babu yenu alikuwa kibarua pale."

"Lakini hapa kimeandikwa kinafanya kazi, mama," akasema Mwalimu kwa adabu, na kugeuza ukurasa.

Hapo ndipo angelishtuka. Hakushtuka. Wakapita Msambweni, wakapita Gazi, yeye akiwasomea watoto habari za mikoko iliyokuwa ikipita dirishani bila kutazamwa na mtu.

Walikwenda hadi Kongo, mwisho wa Diani upande wa kaskazini, pale mto Mwachema unapoingia baharini karibu na ule msikiti wa kale wenye mibuyu, ambao hadi leo watu husali ndani yake. Ng'ambo ya mto ni Tiwi. Maji yakikauka unavuka mlango wa mto kwa miguu, suruali umeikunja hadi magotini. Walifika yapata saa tano, na mchanga ulikuwa mtupu, unameremeta.

"Tuvuke!" akasema Mwalimu. "Maji bado yanatoka. Kukauka kabisa ni saa nane."

Mama mkwe akatazama bahari. "Mwalimu, mwanangu, mwezi umeandama juzi. Leo ni bamvua. Maji haya yamekwisha kutoka."

"Mama, saa nane na dakika kumi na mbili. Imeandikwa."

Mkwe habishani na mume wa binti yake mbele ya wajukuu. "Haya," akasema. "Mimi miguu inauma. Nitakaa na sufuria." Wakamwachia na viatu vyao pia.

Ningependa kumtetea Mwalimu, maana jedwali lenyewe halikuwa la uongo. Lilikuwa sahihi kabisa, ila kwa mwaka mwingine. Maji hufuata mwezi: kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo pwani yetu hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa jioni karibu na saa kumi au kumi na moja. Tarehe za kalenda ya ukutani hazimjui mwezi. Kila aliyefunga Ramadhani zaidi ya mara moja anajua kwamba mwaka wa mwezi hutangulia kwa siku 11 hivi. Ndiyo sababu majedwali huchapishwa upya kila mwaka. Mwalimu mwenyewe alikuwa akifunga tangu utotoni, lakini hakupata kuoanisha Ramadhani na bahari. Hizo kwake zilikuwa sura mbili tofauti.

Ng'ambo waliokota kaa na makombe. Saa saba na nusu mtoto wa mwisho akasema mto umenenepa. Baba akatazama saa, akatazama kitabu, akamwambia asubiri, maji yatapungua sasa hivi. Saa nane na dakika kumi na mbili kamili aliingia mtoni kuhakikisha. Yalimfika kifuani, na mkondo ukamvuta kuelekea bara. Alitoka akiwa amekiinua kitabu juu ya kichwa. Kofia ilikwenda zake.

Ikabaki njia ya barabara. Wakapanda hadi Tiwi pekupeku juu ya changarawe ya moto, wakachukua bodaboda mbili hadi barabara kuu, matatu hadi Ukunda, tuktuk hadi Kongo. Nauli zilimaliza pesa za soda. Walipofika alasiri, mama mkwe alikuwa chini ya mbuyu na wavuvi wawili, na sufuria imebaki ukoko. "Niliona mmechelewa," akasema. "Na tumbili walikuwa wameanza kuangalia."

Mwalimu hakusema neno hadi usiku, alipoketi kumwandikia mchapishaji barua kali kuhusu uzembe wa jedwali lake. Alimwomba binti yake amsomee anwani kwenye jalada. Binti akabandua kibandiko cha bei, na chini yake mkatokeza mwaka: 1984.

"Basi muda wote huo," akasema mama mkwe kutoka jikoni, "maji yalikuwa yanamngoja Mwalimu."