Sababu na Sadfa

Hapa Kaniama, mji wa reli ulio kati ya Kamina na Kasai, mvua zirudipo hurudi na radi, na radi ikimwua mtu, linaloulizwa kwanza matangani si jinsi alivyopigwa, bali ni nani aliyeituma. Swali hilo si la wajinga, kama wapendavyo kusema waliosoma kidogo. Mwingereza Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande, watu wa Afrika ya Kati, alieleza habari ya ghala la nafaka linalowaangukia watu waliojipumzisha kivulini pake: Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekwisha kula nguzo, tena walijua kwamba jua kali ndilo lililowapeleka watu kivulini, walichotaka kujua ni kwa nini mambo mawili hayo, kila moja na sababu yake, yakutane saa ile ile, juu ya vichwa vile vile.

Mfaransa Cournot, mwaka 1843, alikwisha kujibu, nami namfuata: makutano hayo hayana sababu ya tatu. Sadfa si jambo lisilo na sababu, bali ni sababu zisizojuana kukutana njiani. Jawabu hili halimfariji mfiwa hata chembe.

Mwezi wa Oktoba 1998, gazeti moja la Kinshasa liliripoti kwamba huko Kasai radi imeua wachezaji 11 wa timu moja ya kandanda, na wapinzani wao wakasalimika. Tuhuma za ulozi zikafuata. Wangalikufa watano huku na sita kule, huenda watu wangalisema ni majaliwa. Lakini mpangilio nao waweza kuwa na sababu yake ya kawaida, kwa kuwa nguvu ya radi hutambaa ardhini, ikawakumba waliosimama karibu karibu.

Yuko pia alitiliaye shaka neno sababu lenyewe: Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alinena kwamba hata kwa moto na pamba tuonalo ni kuungua kufuatana na kugusana tu, na atendaye ni Mwenyezi Mungu. Naam, ila akubaliye hayo hapati humo hoja ya kumhukumu ajuza wa jirani anayetuhumiwa kuituma radi.

Na ushahidi juu ya ajuza huyo ni upi? Kwamba juzi aligombana na marehemu. Hesabu hiyo huanzia matangani ikarudi nyuma. Magomvi yaliyokwisha bila radi hayatajwi, wala radi zilizopasua miti isiyo na hasimu. Penye mashamba ya mahindi na mbuzi wasiofungwa, ni nani asiyegombana na jirani yake kila msimu? Yeyote atakayepigwa, mtumaji atapatikana kabla ya maziko.