Bila Hodi

Nilisomea ukutubi miaka miwili kabla karo haijanishinda. Kwenye maabara tulikuwa watano kwa kompyuta moja, tukijifunza Koha, programu huria ya maktaba iliyoundwa New Zealand. Siku moja, katika mazoezi, nikafungua rekodi ya msichana wa hosteli yetu. Vitabu vitatu, vyote vya UKIMWI. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, "Usiambie mtu." Kufikia jioni hosteli nzima ilikuwa inajua. Kumbe alikuwa anaandika utafiti wake. Na hata kama hangekuwa anaandika, ilinihusu nini?

Nimejitetea sana: hakuna aliyenifundisha. Ni kweli. Tulionyeshwa jinsi ya kutafuta jina, si lini tusilitafute. Hatukuambiwa kwamba Koha yenyewe inaweza kupangwa ifute historia ya msomaji akisharudisha kitabu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikutajwa.

Lakini wee, nani huhitaji somo ndio ajue siri ya mtu si yake? Mamangu hajawahi kugusa kompyuta, na hawezi kuingia kwa jirani bila hodi.

Kwa hivyo lawama naigawa: nusu yangu, nusu ya darasa. Vyuo viongeze kompyuta, sawa. Ila anayekupa ufunguo wa nyumba za watu akufundishe pia kubisha.

Yule msichana bado sijamwomba msamaha.