Shaba Ndani ya Kombora: Hatia ni ya Nani?

Makombora ya helikopta ya kulipua vifaru, kama Hellfire ya Marekani na Mokopa ya Afrika Kusini, mara nyingi huongozwa kwa leza. Rubani, au askari aliye chini, humulika shabaha, na kombora huufuata mwanga unaorudi. Katika kichwa cha silaha za namna hii huwekwa koni, mara nyingi ya shaba. Baruti inapolipuka, koni hiyo husinyaa na kuwa mchirizi unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde moja na kutoboa chuma kinene.

Lubumbashi ni mji uliozaliwa na shaba. Tanuri lake lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na leo Kongo ni ya pili duniani kwa kuzalisha madini hayo, nyuma ya Chile. Shaba ikishayeyushwa na kuuzwa huchanganyika na nyingine sokoni, wala hakuna jicho linaloweza kutenganisha ya Kongo na ya Chile. Je, anayeichimba ana sehemu gani katika tendo la anayefyatua?

Katanga, eneo la Lubumbashi, imewahi kuulizwa swali hili, na kwa uchungu mkubwa zaidi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za madini ya urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoiteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika shimo hilo. Watu walioyabeba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi Lubumbashi, lina kipimo cha zamani cha kesi kama hiyo. Mwanateolojia Alphonsus Liguori, aliyefariki mwaka 1787, alimtenga anayeshiriki uovu kwa nia na yule ambaye kazi yake tu ndiyo inayoufikia, bila yeye kuukubali. Kwa kipimo hicho mchimbaji wa Shinkolobwe hana hatia. Hakujua, na asiyejua hawezi kutaka.

Lakini ujuzi haugawanywi sawasawa. Kadiri mtu anavyopanda kutoka shimoni kwenda ofisi ya mauzo, kiwandani, hadi kwa kamanda, ndivyo anavyojua zaidi, na ndivyo mzigo wake unavyozidi.

Hapo ndipo leza inapowapotosha wengi. Husemwa kwamba silaha inayopiga pale pale ilipoelekezwa ni silaha safi zaidi. Kuna ukweli ndani yake: kumwokoa jirani wa adui si jambo dogo. Lakini tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, ndege ya Marekani isiyo na rubani ilirusha kombora la Hellfire kwenye gari moja. Kombora halikukosea. Waliokufa walikuwa raia 10, na 7 kati yao watoto. Wiki chache baadaye jeshi lenyewe likakiri kwamba lilimdhania mtu asiye na kosa kuwa adui. Leza ilimulika vizuri kabisa kile ambacho binadamu hawakukijua. Usahihi wa chombo haumpunguzii hatia anayekitumia, humwondolea kisingizio.

Hilo halifanyi kila helikopta ya vita kuwa dhambi. Tarehe 4 Novemba 2013, helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini, chini ya Umoja wa Mataifa, ziliwapiga waasi wa M23 kwa roketi huko Chanzu, Kivu Kaskazini. Kesho yake waasi wakatangaza kukomesha vita. Waliokuwa wamekimbia vijiji vyao hawakuwa na sababu ya kuwalaumu marubani wale.

Kwa hiyo anayestahili kuhojiwa kwanza si kijana mwenye sururu. Ni serikali inayotia saini, kampuni inayouza na mnunuzi asiyetaka kuulizwa. Maaskofu wa Kongo na walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walilete jambo hili hadharani: kila mkataba wa shaba useme anayenunua ni nani na anaipeleka wapi.