Choroa waliorudishwa jangwani, kisha wakauzwa

Mwaka 1972, katika Jiddat al-Harasis, uwanda wa mawe na changarawe ulio katikati ya Oman, wawindaji waliokuja kwa magari walilimaliza kundi la mwisho la choroa weupe wa Uarabuni lililokuwa likiishi porini. Waharasis, wafugaji wa mbuzi na ngamia ambao uwanda huo ni kwao, hawakuhusika. Wageni waliingia, wakaua, wakaondoka. Tangu hapo hapakuwa na choroa mweupe aliyejulikana kuishi huru popote duniani. Waliobaki walikuwa kwenye mazizi na bustani za wanyama.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwa furaha, kwa kuwa baadaye mnyama alirudishwa kwao. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini kuna sehemu ambayo wasimulizi wengi huipita haraka, nayo ndiyo inayomhusu zaidi kila anayekaa kwenye baraza la kijiji, kamati ya hifadhi au ofisi ya wilaya katika nchi kavu. Choroa wale waliangamia mara moja, kisha nusura waangamie tena. Mara ya pili walikuwa na askari, walikuwa na sheria, na walikuwa ndani ya eneo lililotambuliwa na dunia nzima.

Kwanza tumtazame mnyama mwenyewe. Choroa wa Uarabuni ni mdogo kuliko choroa wetu wa Samburu na Mkomazi. Mwili ni mweupe, miguu ni ya kahawia iliyokolea, pembe ni mbili, ndefu na karibu zimenyooka kabisa. Siku za joto manyoya yake hulala na kung'aa, yakalirudisha jua lilikotoka. Asubuhi za baridi husimama ili kulipokea. Adhuhuri hutafuta mti, akachimba kwa kwato chini ya kivuli mpaka akafikia mchanga wenye ubaridi, kisha akajilaza humo. Mvua ya uwanda ule haifiki wastani wa milimita 50 kwa mwaka, na huweza kukosekana kwa miaka. Kinachookoa ni ukungu. Unatoka Bahari ya Arabia usiku, unatanda juu ya mawe, na alfajiri majani ya migunga na nyasi yanadondosha maji. Choroa huwahi kula majani hayo kabla jua halijayakausha, na mbuzi wa Waharasis nao hula majani hayohayo. Mnyama wa porini na mfugaji wanaishi kwa ukungu mmoja.

Jambo jingine ni kutembea. Mvua ikinyesha mbali, kundi huondoka kuifuata, na huenda makumi ya kilomita. Ndiyo maana hifadhi ya jangwani haiwezi kuwa kipande kidogo cha ardhi, na ndiyo maana mipaka yake lazima ipite katika malisho ya watu. Hilo halikwepeki, nalo ndilo lililokuja kuwa kiini cha matatizo yote.

Mpango wa kumwokoa ulianza mapema, mwaka 1962, pale Fauna Preservation Society ya Uingereza ilipoona kwamba bunduki na magari ya jangwani vitammaliza. Msafara wa kuwakamata uliongozwa na Ian Grimwood, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Kenya wakati huo. Katika jangwa la mashariki mwa Aden, ambalo leo ni Yemen, walikamata wanne, mmoja akafa. Watatu waliobaki wakaletwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, kabla ya kusafirishwa mwaka 1963 hadi Phoenix, Arizona, ambako hali ya hewa inafanana na ya kwao. Huko wakaongezewa wengine kutoka bustani ya wanyama ya London, Kuwait, na zizi la Mfalme Saud wa Saudia, wakawa tisa. Kutokana na tisa hao likazaliwa kundi lililokuja kurudishwa Oman. Wanaotokea Isiolo na wajue kwamba mji wao una sehemu yake katika kisa hiki.

Choroa wa kwanza walifika Yalooni, katika Jiddat al-Harasis, mwaka 1980. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio ili wazoeane na wawe kundi moja, na Januari 1982 lango likafunguliwa, wakatoka kumi. Sultan Qaboos, mtawala wa Oman wakati huo, aliuunga mkono mradi huo tangu mwanzo. Kazi ya ulinzi walipewa Waharasis, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mwanamume wa Kiharasis husoma nyayo juu ya changarawe ambako mgeni haoni kitu. Walizifuata nyayo za kundi siku baada ya siku, wakajua jike gani limezaa na dume lipi limejitenga. Mshahara wa serikali uliwafikia palepale uwandani, wakati ajira nyingine ya fedha ilikuwa mbali, kwenye visima vya mafuta au jeshini. Zaidi ya mshahara palikuwa na heshima: mnyama aliyeibwa kwao na wageni amerudishwa, na wao ndio walinzi wake.

Kwa zaidi ya miaka kumi mambo yalikwenda vizuri mno. Mwaka 1994 Oman ilitangaza hifadhi rasmi ya choroa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 27,500, karibu sawa na nchi nzima ya Burundi. Mwaka huohuo UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake walikuwamo pia paa wa jangwani, mbuzi-mwitu wa majabali, simbamangu na tandawala. Kufikia Oktoba 1995 choroa walikadiriwa kuwa 280, na mwaka uliofuata wakazidi 400.

Februari 1996 ujangili ukaanza tena, kwa sura mpya. Safari hii majangili hawakuitaka nyama wala pembe. Walimtaka mnyama hai, na hasa jike, ili auzwe nje ya nchi kwa wenye makundi binafsi ya wanyama. Choroa hufukuzwa na gari mpaka aishiwe pumzi, hufungwa kamba, hutupwa nyuma ya pikapu na kusafirishwa usiku. Wengine walikufa njiani kwa mshtuko na joto. Kilichofanya madhara yawe makubwa kuliko idadi yenyewe ni uchaguzi huo wa majike. Septemba 1998 walikadiriwa kubaki 138 porini, na kati yao majike yalikuwa 28 tu. Serikali ikalazimika kuwakamata baadhi ya waliosalia na kuwarudisha ndani ya uzio wa Yalooni, lilikotoka kundi la kwanza. Mwanzoni mwa 1999 likaja wimbi la pili la ujangili, na porini majike yakabaki 11.

Ilikuwaje? Jibu la haraka ni tamaa, nalo ni kweli kwa sehemu. Simtetei jangili hata kidogo. Lakini tamaa ilikuwepo pia mwaka 1985, na choroa hawakuguswa.

Dawn Chatty, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Waharasis, ameandika kuhusu upande ambao taarifa za mradi hazikuutilia maanani. Uwanda ule una majirani. Wajanaba, kabila jingine la wafugaji, nao huchunga katika maeneo hayo, na kati yao na Waharasis kuna mvutano wa muda mrefu juu ya malisho. Mradi ulipowaajiri Waharasis, Wajanaba waliona ardhi wanayoitumia imewekewa masharti, na ajira, magari na heshima vyote vimekwenda upande mmoja. Choroa akageuka kuwa mali ya wale. Mtu akija na fedha kutaka jike mmoja, hakuna kinachomzuia jirani huyo zaidi ya hofu ya askari, na askari hawawezi kuwa kila mahali kwenye eneo la ukubwa wa Burundi.

Waharasis wenyewe pia hawakuwa na sauti ya kutosha. Waliajiriwa kulinda, lakini mipaka na masharti ya hifadhi yaliamuliwa bila wao. Mfugaji aliyetaka kujua kwa nini huduma fulani haiwezi kujengwa karibu na malisho yake alijibiwa kwamba ni eneo la hifadhi, na majibu yakaishia hapo. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu lilifanyika wakati wa mafanikio, ambapo lingeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Mwaka 1994 choroa walikuwa wengi, macho ya dunia yalikuwa Yalooni, serikali ilikuwa na nia njema na uwezo. Siku hizo ndizo zilikuwa za kuwakalisha Waharasis na Wajanaba kwenye baraza moja, kugawana ajira za ulinzi, kukubaliana nani atachunga wapi ukame ukija, na kuwapa wote sehemu ya faida itakayotokana na watalii.

Na kulikuwa na mnunuzi. Yeye alikuwa ng'ambo ya mpaka, mbali na mkono wa askari wa Yalooni. Mradi ulikuwa na walinzi wa nyayo. Haukuwa na njia ya kulifunga soko. Sisi wa Afrika Mashariki tuliopoteza tembo na faru kwa sababu ya wanunuzi walio mbali tunalielewa hili bila kuelezwa.

Sehemu ya mwisho ni fupi. Januari 2007 amri ya Sultani ilipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, ili kupisha utafutaji wa mafuta na gesi. Juni mwaka huo Kamati ya Urithi wa Dunia, ikikutana Christchurch, New Zealand, iliifuta hifadhi hiyo kwenye orodha. Lilikuwa eneo la kwanza duniani kufutwa tangu orodha ianze. Wakati huo choroa walikuwa 65, na jozi za kuzaa zilikuwa nne hivi.

Wengi husema mafuta ndiyo yaliyoiua hifadhi. Ukitazama miaka utaona kwamba mafuta yalikuta karibu hakuna kitu. Kama kungekuwa na choroa mia nne wakizurura uwandani, na familia za makabila mawili ambazo chakula na ada za shule zinatokana nao, kukata asilimia 90 kungekuwa jambo gumu la kisiasa. Watu wangekwenda Muscat kulalamika. Mwaka 2007 hakukuwa na wa kulalamika mwenye uzito, kwa kuwa hapakuwa na mwenye cha kupoteza. Watanzania nao wameona mipaka ikisogezwa: mwaka 2012 mpaka wa hifadhi ya Selous ulirekebishwa kupisha mradi wa urani, na miaka miwili baadaye, kwa sababu ya ujangili wa tembo, Selous ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Choroa hawakupotea, na ni lazima hilo lisemwe. Oman imewakuza tena ndani ya uzio katika kipande kilichobaki, na leo wako mamia. Saudia iliwaachia katika Mahazat as-Sayd kuanzia 1990, eneo lenye uzio la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na mwaka 1995 katika Uruq Bani Ma'arid, pembezoni mwa Rub' al Khali, ambako hakuna uzio. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimshusha choroa wa Uarabuni kutoka daraja la walio hatarini kutoweka hadi daraja la walio katika mazingira magumu, akiwa mnyama wa kwanza kufika hapo baada ya kuwa ametoweka kabisa porini. Lakini uzio nao una bei yake. Katika Mahazat as-Sayd, miaka ya ukame iliyoanza 1999, mamia ya choroa walikufa kwa njaa kwa sababu hawakuweza kuifuata mvua. Uzio humzuia jangili, na humzuia pia mnyama kufanya kile alichoumbwa kukifanya. Hifadhi pekee inayomwacha atembee ni ile ambayo majirani wake wamekubali apite kwao.

Ndiyo maana naandika habari hizi kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wa Isiolo, Marsabit, Samburu, Simanjiro na Same. Choroa wetu naye anapungua, na huishi kwenye nchi ambayo lazima igawanywe kati ya mifugo na wanyamapori. Mkomazi wafugaji waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980, na machungu yake hayajaisha. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inazitambua hifadhi za jamii, na Tanzania ina jumuiya za hifadhi ya wanyamapori za vijiji, kwa hiyo nyenzo zipo. Tatizo hubaki lilelile la Jiddat al-Harasis: kijiji kimoja kinaingizwa, cha jirani kinaachwa nje, na wanaoachwa huwa ndio wenye njia za ng'ombe na visima vya ukame.

Kwa hiyo, ewe diwani, mzee wa mila, au afisa wa wilaya, ukiletewa ramani ya hifadhi mpya uisaini, uliza kwanza vijiji vilivyo nje ya mstari vinaitwaje, vitapata nini, na nani atavisemea kwenye kamati. Kama majibu hayajaandikwa kwenye mkataba, usisaini.