Rangi ya Ukutani

Neno: Matendo 17:22-23, Luka 19:8

Kabla Paulo asimame Areopago, alikuwa ametembea Athene akiangalia. Alisoma hata maandishi ya madhabahu yao. Sisi wengine tunapita njia moja miaka kumi na hatujui ukuta wake umeandikwa nini.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi wa biashara, nikifanya atachimenti Nairobi. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kuta za matangazo. Unahesabu wapita njia, unapima ukuta, unakubaliana bei na mwenyewe. Siku moja huko Kibera nikafika kwa mabati yenye herufi kubwa zilizochujuka. Yalisema kwa Kiingereza kwamba amani inatafutwa, ikiwa hai. Nikauliza, mteja hapa ni nani? Wakanicheka. Kumbe ni msanii wa pale pale, Solomon Muyundo, yule wanayemwita Solo 7. Mapema 2008, watu wakiuana, alizunguka na brashi akiandika amani kwenye kuta, vibanda, hata barabarani.

Sisi wa Eldoret mwezi huo tunaujua. Tunajua Kiambaa, kanisa lililochomwa Januari 1 watu wakiwa ndani. Mimi nilikuwa na miaka 16, Langas. Huyo akibeba rangi, mimi nilibeba sukari. Kilo mbili, kutoka duka la jirani, mama aliyekuwa akitukopesha mkate. Mlango ulikuwa umeshavunjwa, nikajiambia si mimi niliyevunja. Nyumbani tukapika chai, na kabla ya kunywa tuliomba.

Ukuta ule sikuupima. (Msimamizi wangu alinigombeza, na alikuwa na haki.)

Desemba nikamtafuta yule mama. Alikuwa amehamia Huruma, anauza mboga. Zakayo alisema mara nne, na hesabu si ndiyo nilisomea? Kilo mbili mara nne, nikatia pesa kwa bahasha. Kumbukeni nilikuwa nimeokoka, na dhambi hiyo nilikuwa nimeitubu kwa machozi, tena si mara moja. Lakini mbele yake ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Mungu nilikuwa nimemwambia zamani. Ni yeye sikuwa nimemwambia.

Alihesabu noti polepole, akaniangalia.

“Na ile pakiti ya viberiti?”

Hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa. Yeye alikuwa ameniona, miaka hiyo yote. Nikatoa hamsini nyingine, akaifunga kwenye leso, akasema niketi, anaweka chai.