Aliyekaa Hashiki Futi

Mteja akiingia karakana akasema, "Iweke kama ya jirani yangu," najua kazi itakuwa ndefu. Jirani yake ana kilo mia na ushee, yeye hafiki sabini. Jirani hupakia mke nyuma, yeye huenda peke yake. Lakini ameiona mashine ya mwenzake ikikata kona msituni bila kuyumba, basi anataka springi zikazwe vile vile na mshipi ufungwe tundu lile lile. Mimi ni fundi wa pikipiki za theluji kaskazini mwa Minnesota, si mbali na Roseau, mji ambako mashine za Polaris zilianzia miaka ya 1950. Ufundi niliuanza Tanga, kwenye pikipiki na Bajaji. Kule nako walikuwepo wa "kama ya fulani".

Kwa asiyekijua chombo chenyewe: mbele kina skii mbili, nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini. Ndani ya mkanda huo kuna reli mbili, mikono ya chuma, shokapu na springi. Dereva akibana mafuta kwa kidole gumba, uzito unahamia nyuma, mkanda unauma theluji na skii zinakuwa nyepesi. Akifunga breki, uzito unarudi mbele. Haupungui hata gramu moja. Unahama tu, na kazi yangu ni kuamua uhame kiasi gani.

Kuna mshipi unaozuia mkono wa mbele usishuke kupita kiasi. Nikiufupisha, skii zinabaki chini na usukani unatii, lakini mabega ya dereva yatachoka, na akitaka kuondoka kwa nguvu mkanda utakosa mshiko. Nikiurefusha, mashine inachomoka vizuri sana; tatizo ni kona ya kwanza, anapogeuza usukani nayo ikaendelea kwenda mbele kana kwamba haikuambiwa kitu. Springi za nyuma zikilegea mno, tako linazama na pua inapanda. Zikikazwa mno, mzigo unasukumwa kwenye skii na mgongo wa mwenyewe ndio unaolipa. Sijaiona nati ambayo ukiigeuza inakupa hapa bila kuchukua pale.

Nikiwa na spana mkononi ndipo nilipoanza kusumbuliwa na neno tunalolisikia tangu chuoni: kiasi. Kula kwa kiasi, toa kwa kiasi, hata ibada iwe kwa kiasi. Vizuri, lakini kiasi cha nani? Wengi hudhani kiasi ni nusu: ukikaa katikati ya mkorofi na mnyonge, umeshakuwa mwema. Aristotle aliikataa hesabu hiyo zamani. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake cha maadili kwa Nikomako anasema kwamba ikiwa mafungu kumi ya chakula ni mengi na mawili ni machache, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi ampe kila mtu sita. Kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni kidogo. Kwa anayeanza leo, ni mengi. Wastani wa hesabu ni mmoja kwa wote, wa mtu ni wa mtu mwenyewe. Angefaa kuwa fundi wa shokapu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikubali kwamba tabia njema iko kati ya mapindukio mawili, ila akaongeza jambo ambalo mimi naliona ni zito zaidi. Mahali penyewe pa katikati, kwake, ni pembamba kupita unywele, na hakuna anayeweza kujidai amefika akatulia. Ndiyo maana, anasema, tunaomba kuongozwa njia iliyonyooka katika rakaa zote 17 za faradhi, kila siku. Karakana inamuunga mkono. Springi huchoka. Theluji kavu ya Januari si ile ya Machi iliyolowa maji. Mashine niliyoipima Desemba ikatoka imenyooka, Machi inarudi inavuta.

Hapa kuna mtu ataniuliza, na ni swali la haki: kama kila mtu ana kiasi chake, si kila mtu atajipimia anavyopenda? Bahili atasema huo ndio wastani wake. Mlevi naye vivyo hivyo.

Jibu nililipata sakafuni. Kupima springi za nyuma tunainua mashine mpaka miguu yake inyooke, tunapima kutoka chini hadi bamba la nyuma. Kisha mwenyewe anakaa, amevaa koti, buti na kofia, anajitikisa mara mbili tatu atulie, tunapima tena. Kwa mashine nyingi za njiani, ikizama kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote, tunaanzia hapo. Kipimo ni chake, kwa uzito wake, hakuna wa kumwazima. Lakini hawezi kukichukua mwenyewe. Akishuka kusoma futi, mashine inanyanyuka na namba imekufa. Akiinama akiwa juu, amehamisha uzito. Lazima mwingine apige goti ashike futi kamba. Na hisia zake hazisaidii: kila dereva hupenda skii zinyanyuke kidogo, maana ndipo anapojiona ana nguvu.

Wanaokumbuka kisa cha Salman al-Farsi na Abu Dardaa, alichokipokea Bukhari, wataona ninakokwenda. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku, na kwa kipimo chake mwenyewe alikuwa amenyooka. Salman alifika nyumbani, akamkuta mke wa mwenzake amejiachia bila kujipamba, akamuuliza kulikoni. Mke ndiye aliyesema: ndugu yako hana haja na dunia. Mgeni akamlazimisha mwenyeji ale, akamlaza, akamwamsha mwisho wa usiku wakasali pamoja, akamwambia kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahali wana haki, kila mmoja apewe yake. Mtume akasema Salman amesema kweli.

Rafiki yangu mmoja hapa alishika ibada za usiku kwa bidii ya kusifiwa. Mkewe, anayefanya zamu ya alfajiri kiwandani, akaniambia mlangoni kwao, "Shemeji, huyu ndugu yako anakesha yeye, ninayesinzia kwenye mashine ni mimi. Watoto nani anawaamsha?" Mzigo wa asubuhi ulikuwa umehama, haukuondoka. Yeye alijihisi mwepesi, na kweli alikuwa mwepesi.

Masheikh wetu, na wachungaji pia, tuhubirieni kiasi kama kawaida yenu, ila mtuambie na nani wa kushika futi. Na wewe unayejipangia ratiba ya Ramadhani ijayo, mwonyeshe kwanza yule mnayelala naye chumba kimoja, na akikwambia punguza, punguza.